Mahindi Yalikwisha Mwezi Gani? Tuliyojifunza Kuhusu Lishe Katika Vijiji vya Tanga

Ukifika kwa mkulima wa Handeni au Muheza kuzungumzia lishe, swali linalofungua mambo mengi kuliko mengine ni hili: mahindi ya mwaka jana yalikwisha mwezi gani? Wakisema Novemba, na walivuna gunia 10, basi kuna mlango ambao mahindi yale yalitokea. Swali la pili ni mlikula nini baada ya hapo. La tatu ni nani aliyekwenda kununua, kwa fedha ya kazi gani. Kabla hujamwona mtoto wa nyumba ile unakuwa umeshajua mengi kumhusu.

Mkoa wa Tanga hauna uhaba wa aina za vyakula. Lushoto na Bumbuli kuna maharage, kabichi, karoti, viazi mviringo na parachichi. Muheza ni machungwa, Handeni na Kilindi mahindi na mifugo, Pangani na Mkinga nazi, mihogo na samaki. Hata hivyo watoto waliodumaa wapo kila upande. Kwa nchi nzima, utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Ule wa 2015–16 ulikuwa umekuta asilimia 34. Udumavu ni ufupi usiolingana na umri, na wazazi huuona kwa shida kwa sababu watoto wa jirani nao ni wafupi vilevile. Mtoto anacheza, anacheka, hana homa. Kipimo cha urefu ndicho kinachomfichua.

Tuanze na ghala, maana ndiko tulikojifunza mengi.

Familia ya watu 6 inayosonga ugali mara mbili kwa siku hutumia karibu kilo 2 za unga. Usikisie: pima wiki nzima kwa kopo lilelile, kisha gawa kwa 7. Kilo 2 kwa siku ni kilo 60 kwa mwezi na kilo 730 kwa mwaka. Mahindi ya masika huvunwa Julai hadi Agosti, na ya vuli, mvua ikikubali, hupatikana Januari au Februari. Kosa ambalo karibu kila nyumba hulifanya ni kuhesabu akiba ya miezi sita kana kwamba vuli ni ya uhakika. Vuli ikikatika, njaa inaingia Machi, wakati masika ndiyo kwanza inapandwa. Hesabu ya ghala ifanywe kwa miezi 12, vuli ihesabiwe kama nyongeza.

Halafu kuna sembe. Mahindi yakikobolewa, kilo 100 hutoa unga kama kilo 75 hadi 80. Nyumba inayohitaji kilo 730 za unga, ikila dona inatosheka na kilo 730 za mahindi. Ikila sembe inahitaji zaidi ya kilo 900. Kukoboa peke yake kunachukua kama gunia mbili kwa mwaka, na pamoja na pumba huondoka kiini chenye mafuta, madini ya chuma na vitamini za kundi B. Pumba hazitupwi, kuku wanazila, lakini kuku hao mara nyingi ni wa kuuza. Sembe imekuwa heshima: mgeni akipikiwa dona, mwenye nyumba huona aibu. Hatujawahi kufanikiwa kuvunja aibu hiyo kwa mahubiri. Kilichokubalika ni sembe kwa wageni na sikukuu, dona siku nyingine.

Kwa nini mkulima anauza Agosti, bei ikiwa chini kabisa, ili anunue Machi kwa bei ya juu? Anajua anachokifanya. Alikopa debe 1 Aprili kwa ahadi ya kurudisha 2 wakati wa mavuno, na mdai amekuja shambani na gunia lake tupu. Kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Januari shule zinafunguliwa, na ingawa ada ya elimu msingi iliondolewa tangu 2016, sare, madaftari na mchango wa chakula cha shuleni vipo palepale. Mahindi ndiyo benki yake, na benki hiyo ikifunguliwa mara moja ni vigumu kuifunga.

Tumeona mambo mawili yanayosaidia. La kwanza ni kutenga zao moja la madeni. Maharage, alizeti, ufuta, hata jogoo watatu, viwe na kazi ya sare na matibabu, ili gunia za ugali zisiguswe. La pili ni kubadili mwezi wa kuvunja kikoba. Vikoba vingi hugawana Desemba, fedha ikaishia kwenye nguo na sherehe. Kikundi kikikubaliana kugawana mwishoni mwa Machi, fedha inaingia nyumbani wakati ule wa kukopa debe kwa debe mbili. Wanawake wenyewe hupanga hivyo wakishaandika ukutani miezi 12 na kuweka alama kwenye miezi ya njaa.

Na anayeuza auze kwa kilo. Gunia la lumbesa, lililoshonewa nyongeza juu, linapita kilo 100 ambazo sheria ya vipimo imeweka, na kila kilo ya ziada ni siku nusu ya ugali wa familia iliyotolewa bure.

Mahindi yaliyobaki nayo yana maadui. Yakaushwe juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo mtupu, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5 au chini yake. Asiye na mashine ya kupima unyevu apime kwa chumvi. Kaanga chumvi kidogo kwenye sufuria mpaka iwe kavu kabisa, iache ipoe. Chukua chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, jaza mahindi robo yake, ongeza kijiko kimoja au viwili vya chumvi, funga, tikisa dakika 2 au 3, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Yaanike siku moja au mbili zaidi ndipo uyafunge.

Mifuko ya tabaka tatu, miwili ya nailoni ndani na kiroba nje, huua dumuzi bila dawa kwa kuwanyima hewa. Kila mfuko wa ndani ufungwe peke yake baada ya kukamua hewa yote. Inaposhindwa, sababu ni moja karibu kila mara: mama anafungua mfuko uleule kila siku kuchota ya kusaga, hewa inaingia, wadudu wanafufuka. Ukifungua, toa ya wiki mbili uweke kwenye ndoo, ufunge tena. Uwe juu ya chaga, mbali na ukuta, la sivyo panya atautoboa.

Mahindi yenye fangasi ni hatari kubwa kuliko njaa yenyewe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haitoki kwa kupika. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa zichambuliwe kabla ya kwenda mashineni, na zisipelekwe kwa kuku wala kwenye pombe. Anayekula dona achambue kwa makini zaidi, maana sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, vitu ambavyo kukoboa kungeviondoa. Karanga ni vivyo hivyo; zile zilizosinyaa ambazo mchuuzi huziuza bei ya chini kwa ajili ya "uji wa watoto" ndizo mbaya kuliko zote.

Sasa ghala likiwa salama, mtoto bado anaweza kukosa. Hapa saa za mama ndizo zinazoamua.

Aprili na Mei ni miezi ya palizi. Ni miezi hiyohiyo ambayo mvua ni nyingi, malaria na kuhara vimepanda, na ghala limeisha. Mama anatoka alfajiri, anapalilia shamba lake au kufanya kibarua kwenye shamba la mtu ili apate unga wa jioni, anarudi saa tisa, bado maji na kuni. Mtoto wa miezi 10 anahitaji kula mara 3 hadi 4 kwa siku pamoja na kunyonya, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na haliwezi kupokea chakula cha siku nzima kwa mkupuo. Aliyeachwa naye ni dada yake wa miaka 8 au bibi. Uji umepikwa asubuhi, umekaa mpaka mchana, umechacha. Tazama kadi za kliniki za kijiji kizima na mara nyingi utaona mistari ya uzito inalala miezi hiyo na kunyanyuka Agosti.

Kumwambia mama huyu ampikie mtoto mara nne ni kumdhulumu. Kinachowezekana ni kumwachia mlezi chakula kisichohitaji moto: ndizi mbivu, parachichi lililopondwa, papai, kiazi kitamu au yai vilivyochemshwa asubuhi. Bibi apewe maelekezo yeye mwenyewe, kwa heshima yake. Ukipita kwa mkwe wake wa kike ukamruka yeye, ushauri wako hautapikwa. Unaanza na shikamoo, unauliza alivyowalisha wanawe, unasikiliza. Mabibi wengi wa Usambara wanajua mnavu, mchunga na mboga nyingine za porini kuliko mtaalamu yeyote. Wengine pia bado huagiza maziwa ya kwanza, dang'a, yakamuliwe na kumwagwa, au humkataza mjamzito mayai wakisema mtoto atazaliwa bila nywele. La kwanza unalisifu kwa dhati. La pili unalizungumza polepole, na mama aliyejifungua salama na kumpa mwanawe dang'a akiwa amekaa pembeni yako.

Kwenye uji ndiko makosa mengi yalipo. Uji wa vijijini kwetu ni mwepesi, unanyweka kwa kikombe. Mtoto anashiba maji. Ukichota kwa kijiko na kukiinamisha, uji wa mtoto wa zaidi ya miezi 6 unatakiwa ushike kijikoni, usimiminike kama chai. Miezi 6 hadi 8, anza na vijiko 2 au 3 vya chakula, upande taratibu mpaka nusu kikombe cha mililita 250, mara 2 hadi 3 kwa siku. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe mara 3 hadi 4. Mwaka mmoja hadi miwili, robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima mara 3 hadi 4, na asusa mara moja au mbili.

Mama atakwambia uji mzito unamkaba mtoto. Ni kweli, na dawa yake ni kimea. Loweka ulezi uliochaguliwa vizuri usiku mmoja, chuja, utandaze kwenye gunia safi lenye unyevu, ufunike na kuunyunyizia maji siku 2 au 3 mpaka uchipue. Anika juani, sugua vichipukizi vitoke, saga. Pika uji mzito kabisa, karibu na ugali laini, epua, koroga kijiko 1 cha chai cha unga wa kimea kwa kila kikombe. Ndani ya dakika chache unalegea mbele ya macho yako, bila kuongezewa maji. Urudishe motoni uchemke tena, maana kimea kinaweza kubeba vijidudu. Anayetia kimea mwanzoni, kwenye maji yanayochemka, hulalamika hakifanyi kazi: joto limekwisha kukiua.

Na "unga wa lishe"? Ule wenye mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga vyote vikasagwa pamoja? Tunaukataa waziwazi. Nafaka tano bado ni nafaka. Karanga zikisagwa na kukaa mwezi huchacha na kuota fangasi, na soya ambayo haikuchemshwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kukaushwa humsumbua mtoto tumboni. Saga nafaka moja. Vingine viongezwe sufuriani siku hiyohiyo: kijiko cha karanga zilizosagwa karibuni, au maziwa badala ya nusu ya maji, au dagaa waliotwangwa laini pamoja na vichwa, na kijiko cha chai cha mafuta.

Mtoto akishaanza kula na wakubwa, sinia linamwonea. Kula pamoja ni jambo jema katika pwani yetu na hatupendi liondoke, ila mtoto wa miaka miwili hula taratibu na kitoweo kinakwisha akiwa bado na tonge la kwanza. Apakuliwe bakuli lake kwanza, likae mbele yake hapohapo siniani.

Kuna jambo moja dogo la Tanga ambalo halina gharama. Milima yetu inalima chai, na chai ya rangi hunywewa pamoja na chakula, hata na watoto. Chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani. Chungwa hufanya kinyume chake. Nyumba ya Muheza inayouza machungwa kwa lori na kula maharage na chai inapoteza kilicho mlangoni pake. Chungwa liliwe pamoja na maharage, chai isubiri saa moja au zaidi. Mjamzito azingatie zaidi, hasa akiwa anameza vidonge vya kuongeza damu. Na kisamvu kitwangwe vizuri, kichemke sana, kipikwe kwa tui: mafuta ya nazi ndiyo yanayosaidia mwili kupokea vitamini A ya majani yale.

Machungwa yenyewe huuzwa mengi yakiwa bado mtini, na fedha huja kwa mkupuo mkononi mwa baba. Bati na pikipiki hununuliwa, na hatuoni kwamba ni upuuzi. Nyumba inayovuja nayo huleta maradhi. Ila fedha ya kitoweo cha kila siku hutoka kwenye mfuko mwingine, ule wa mama wa mayai na mboga, na mfuko huo haujui kwamba lori limepita. Familia zinazofaulu hufanya jambo moja siku ileile ya malipo: kabla ya bati, hununua mahindi, debe la maharage na mafuta ya miezi mitatu. Huko Lushoto tumeona zamu nyingine: hoho au nyanya ikianza kulipa, bustani iliyokuwa ya mama inakuwa ya baba, na kila tuta linapuliziwa dawa kwa ajili ya soko. Mstari mmoja karibu na jiko usipuliziwe, uwe wa kula. Asiye na nafasi apande matembele na mchicha kwenye gunia; mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki 3 hadi 4.

Mayai hayapo kwa sababu kuku wanakufa kwa kideri. Chanjo ya matone ni tone 1 kwenye jicho moja, kila baada ya miezi 3, kuku wote wa kitongoji siku moja. Ukichanja wa nyumba tatu tu, ugonjwa unabaki kijijini. Maziwa: ya asubuhi yaende kituo cha kukusanyia, ya jioni yabaki nyumbani, na ya mtoto yapimwe kwenye kopo lake kabla ya hesabu nyingine.

Kwa wanaokula mihogo michungu: miezi ya njaa watu hufupisha kuvundika, siku 3 au 4 zinakuwa moja. Sumu inayobaki ndiyo iliyoleta konzo, kupooza miguu, Tarime mwaka 1985. Unga usio na uhakika uchanganywe na maji, utandazwe juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1, ukae saa 2 juani au saa 5 kivulini, upikwe siku hiyohiyo.

Linabaki jambo gumu kuliko yote, kubemendwa. Mtoto akikonda, miguu ikivimba, nywele zikififia, watu husema wazazi walikutana kabla ya wakati, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa. Kumpeleka zahanati ni kujitangazia aibu, kwa hiyo mama humficha au huanzia kwa mganga, na wiki zinapita. Usimuulize amefanya nini. Muulize ugonjwa ulianza lini, mtoto ana hamu ya kula, anahara, anakohoa. Pima mzunguko wa mkono wake wa kushoto kwa utepe, katikati ya bega na kiwiko: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni wa kadiri. Bonyeza sehemu ya juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu; kukibaki shimo ni mkali, hata utepe ukisema vingine. Mwenye hamu ya kula na asiye na maradhi mengine hutibiwa akiwa nyumbani kwa chakula dawa, chakula maalumu cha pakiti cha kutibu utapiamlo, akirudi kituoni kila wiki. Asipoongezeka uzito, kabla ya kumlaumu mama, hesabu watoto wengine nyumbani: pakiti inagawanywa. Wale wengine nao wana njaa, na mpango wowote usiowapa unga hautafika kwa mgonjwa.

Anayehitaji kulazwa ndiye anayekataliwa mara nyingi zaidi, na hasa Aprili. Mama akilala wodini siku 10, ekari moja ya mahindi inamezwa na magugu na watoto watatu hawana wa kuwapikia. Kwa hiyo rufaa isiandikwe peke yake. Kaeni na wenzake wa kikoba jioni hiyohiyo, mkubaliane nani atapalilia mistari mingapi, nani atawapikia watoto, nani atampelekea unga na sabuni hospitalini, na baba awepo akisikia. Majina yakishatajwa, mama hufunga kanga yake na kuondoka asubuhi.